Ruwaza Imefungwa Wapi? Kuhusu Vigae Vinavyojirudia Katika Kurasa na Michoro

Ukipita Barabara ya Nasser, hapa Kampala, ukatazama kadi za mialiko, kalenda na majalada ya ripoti yaliyotundikwa milangoni mwa maduka ya chapa, utaona kwamba kazi nyingi zina mahali palipojazwa umbo dogo linalojirudia: maua nyuma ya majina ya maharusi, mistari ya mshazari kwenye jalada, au msuko wa mkeka pembezoni mwa kalenda. Ni pambo la gharama ndogo, kwa kuwa halihitaji mpiga picha, na karibu kila programu tunayoitumia ina njia ya kulitengeneza au ya kulipokea. Hata hivyo kazi nyingi huharibikia kwenye pambo hilohilo, na kwa maoni yangu chanzo mara nyingi ni swali moja ambalo msanifu hakujiuliza kabla ya kuanza: je, ruwaza hii imefungwa kwenye ukurasa, au imefungwa kwenye umbo inalolijaza?

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima tujue kinachotendeka ndani ya faili. Ruwaza ni kigae kimoja tu, yaani kipande kidogo cha mchoro, pamoja na agizo la kukirudia. MacPaint, programu ya kuchorea iliyotoka pamoja na kompyuta ya Macintosh mwaka 1984, ilikuwa na safu ya ruwaza chini ya skrini, kila moja ikiwa mraba wa pikseli 8 kwa 8, nyeusi au nyeupe. Pikseli hizo 64 zilitosha katika baiti 8, na kwa baiti hizo mtumiaji aliweza kujaza eneo lolote alilotaka. Lugha ya PostScript, inayoieleza mashine ya chapa jinsi ya kuchora ukurasa, iliingiza wazo hilohilo katika uchapaji kwa toleo lake la pili, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na faili za PDF tunazopeleka kiwandani leo zimelirithi. Ndani ya PDF kigae huelezwa kwa mpaka wake na kwa hatua mbili, moja ya kwenda upande na nyingine ya kwenda juu. Hatua ikiwa kubwa kuliko mpaka, nafasi tupu hubaki kati ya kigae na kigae. Ikiwa ndogo, vigae hupandiana.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hawalitambui. Kwa kanuni ya PDF, vigae hupangwa kwa kufuata vipimo vya ukurasa, wala si vya umbo. Maumbo mawili yaliyojazwa ruwaza moja, hata yakiwa mbalimbali, ni kama madirisha mawili yanayotazama ukuta mmoja wenye nakshi: kila dirisha huonyesha kipande chake, na ukilisogeza dirisha ukuta haufuati. Programu za kuchora zimejenga tabia zake juu ya msingi huo, lakini kila moja kwa namna yake, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Katika Adobe Illustrator, vigae huanza kupangwa kutoka kwenye sifuri ya rula. Ukiihamisha sifuri hiyo, nakshi yote huhama. Ukisogeza umbo huku chaguo la kubadilisha ruwaza pamoja na umbo likiwa limezimwa, umbo huenda na nakshi hubaki ilipokuwa. Chaguo hilo limo katika mapendeleo ya jumla ya programu, na limo pia katika visanduku vya kukuza, kuzungusha na kusogeza, ambamo unaweza kuamua kubadilisha umbo peke yake, ruwaza peke yake, au vyote viwili. Ipo pia njia ya haraka: shikilia kitufe cha alama ya wimbi (~) huku ukikokota kwa kipanya, na nakshi itasogea ndani ya umbo lililotulia. Katika CorelDRAW, ambayo wasanifu wengi wa mtaa huu wanaipenda kuliko programu nyingine yoyote, kuna chaguo la kuufanya mjazo ubadilike pamoja na umbo, na lisipowashwa, ua linalokuzwa mara tatu litabaki na nakshi yenye ukubwa uleule wa awali. Inkscape nayo ina vitufe juu ya eneo la kuchorea vinavyoamua kama ruwaza itafuata umbo linaposogezwa, na ukichagua zana ya nodi, yaani ya vituo vinavyounda mstari wa umbo, utaona vishikizo vidogo vya kuisogeza, kuikuza na kuizungusha nakshi yenyewe.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni mambo madogo ya mapendeleo, kwamba kila mmoja achague analolizoea. Mimi sikubaliani, kwa sababu kuna kazi zinazodai jibu moja na kulikataa lingine.

Chukua chati ya nguzo katika ripoti ya mwaka ya shirika. Ripoti nyingi nchini huchapishwa kwa rangi nakala chache, kisha hutolewa fotokopi nyeusi na nyeupe na kugawiwa ofisi za wilaya, na hapo nguzo ya kijani na nguzo nyekundu hugeuka kijivu kimoja. Ruwaza hutatua tatizo hilo vizuri kuliko rangi: nguzo moja iwe na mistari ya mshazari, ya pili nukta, ya tatu ibaki nyeupe yenye ukingo mweusi. Lakini nakshi ikiwa imefungwa kwenye ukurasa, kila nguzo itaanza na kipande tofauti cha kigae. Nguzo hii itakatiwa nukta zake nusu upande wa kushoto, ile itakatiwa upande wa kulia, na nguzo mbili za kundi moja zitaonekana kana kwamba ni za makundi tofauti. Hapa ruwaza lazima ifungwe kwenye umbo. Tengeneza nguzo ya kwanza, hakikisha nukta zimekaa sawa ndani yake, kisha uinakili huku chaguo la kubadilisha ruwaza pamoja na umbo likiwa limewashwa, na urefushe kwa kuvuta nodi za juu badala ya kuikuza nguzo yote, ili nukta zisinyooke kuwa mayai.

Ramani ina adabu nyingine. Katika ramani za jiolojia, mawe ya chokaa huonyeshwa kwa ruwaza ya matofali, na mchanga au mawe ya mchanga kwa nukta. Mwanafunzi anayesoma kuhusu chokaa ya Tororo au ya Hima atakutana na matofali hayo katika vitabu duniani kote. Eneo moja la mwamba likikatwa na mto au na barabara, matofali ya upande huu na ya upande ule yanapaswa kuungana kana kwamba mto haupo, maana mwamba ni mmoja. Hapo kufunga ruwaza kwenye ukurasa ndiko kunakotakiwa, na aliyeifunga kwenye umbo atapata kila kipande kikiwa na safu zake, mithili ya mafundi wawili wasiosikilizana. Lakini kwenye ramani ya wilaya mambo yanageuka tena. Wilaya mbili zinazopakana zikijazwa mistari ileile iliyofungwa kwenye ukurasa, mistari itavuka mpaka bila kukatika na jicho litaziona kama wilaya moja, hata ukiuchora mpaka kwa mstari mnene. Dawa si kuukoza mpaka zaidi, bali ni kuzungusha ruwaza ya wilaya moja kwa nyuzi kama 90, ili mistari igongane pale mpakani.

Nirudi sasa kwenye kigae chenyewe, kwa kuwa hakuna ufungaji utakaookoa kigae kibovu. Tuseme tunatengeneza jalada la kitabu cha ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, lenye nakshi ya msuko wa ukili kuanzia ukingo hadi ukingo. Wengi huchora kigae cha mraba kwa kipimo chochote kinachowajia, kisha hushangaa kwa nini upande wa kulia wa jalada umeishia katikati ya msuko ilhali upande wa kushoto umeanza na msuko mzima. Hesabu yake ni rahisi. Gawa 148 kwa 8, upate 18.5, gawa 210 kwa 12, upate 17.5. Kigae cha milimita 18.5 kwa 17.5 kitalijaza jalada kwa safu kamili pande zote, na kwa kuwa tofauti ya upana na urefu ni milimita moja tu, hakuna atakayeona kwamba si mraba. Ziada ya milimita 3 kila upande, ile ambayo mafundi huiita blidi, itapata mwanzo wa kigae kinachofuata, na mashine ya kukatia itaiondoa. Sharti ni kuiweka sifuri ya rula kwenye kona ya ukurasa uliokatwa, si kwenye kona ya blidi, la sivyo hesabu yote itasogea kwa milimita 3.

Ndani ya kigae hicho, kila kitu kinachovuka ukingo lazima kionekane tena upande wa pili, kikiwa kimesogezwa kwa kipimo kamili cha kigae. Jani la ukili linalotokeza upande wa kushoto linakiliwe na kusogezwa milimita 18.5 kulia, linalotokeza chini linakiliwe na kusogezwa 17.5 juu, na lile linalokaa kwenye kona lihitaji nakala nne, moja kwa kila kona. Usikokote kwa macho. Chagua jani, fungua kisanduku cha kusogeza, andika namba, na ubonyeze kunakili. Kabla ya mwaka 2012 watumiaji wa Illustrator walifanya hivyo kila mara, kisha wakaweka nyuma ya mchoro mstatili usio na rangi wala mstari ili uwe mpaka wa kigae, na kukokota vyote hadi kwenye paneli ya rangi. Toleo la CS6 lilileta hali maalumu ya kuhariri ruwaza, ambayo hukuonyesha nakala za jirani unapochora, na hukuruhusu kuchagua mpangilio wa gridi, wa matofali kwa safu au kwa wima, au wa pembesita. Ni msaada mkubwa, ingawa naona bado inafaa kila anayejifunza aanze kwa njia ya zamani, ili ajue mshono uko wapi.

Mpangilio wa matofali una faida ambayo haitajwi mara nyingi. Katika gridi ya kawaida, kitu chochote kinachojitokeza ndani ya kigae, kwa mfano ua moja lililo jekundu zaidi ya mengine, huunda safu zilizonyooka juu kwenda chini, na msomaji huziona safu kabla ya kuliona ua. Ukisogeza kila safu ya pili ya mlalo kwa nusu ya kigae, mistari hiyo hukatika. Njia bora ya kuikagua nakshi ni kupunguza mwonekano hadi asilimia 25 na kutazama kwa mbali. Kama kuna doa linalojirudia, litajitokeza lenyewe.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi wafungue sehemu ya vivuli-nakala vya vigae katika Inkscape, ambayo haigharimu chochote. Humo mna aina 17 za ulinganifu, na namba hiyo haikuchaguliwa na watengenezaji wa programu: Mrusi Evgraf Fedorov alithibitisha mwaka 1891 kwamba hakuna namna nyingine ya kulirudia umbo juu ya sakafu bapa ukihesabu kusogeza, kuzungusha na kuakisi. Kila nakala inabaki imeunganishwa na ya asili, hivyo ukibadilisha rangi ya jani la asili, yote hufuata. Faili huwa nzito, lakini kwa kubuni kigae sijaona mahali pazuri zaidi.

Kuna nakshi zisizopaswa kujazwa kwa kigae kimoja hata kidogo, na mfano ulio karibu nasi ni kanga. Kitenge hujirudia kila mahali, hivyo kigae kimoja kinatosha kukiiga. Kanga ina mji katikati, pindo kuzunguka pande zote nne, na jina chini ya mji. Anayejaribu kuliiga pindo kwa ruwaza ya kawaida atapata kona zilizokatwa ovyo. Pindo ni kazi ya brashi ya ruwaza, ambayo Illustrator huitengeneza kwa vigae kadhaa: kimoja cha upande, kingine cha kona ya nje, kingine cha kona ya ndani, na vya mwanzo na mwisho. Urefu wa upande usipogawanyika sawasawa, programu hukuuliza ivinyooshe vigae, iongeze nafasi kati yake, au iusogeze mstari kidogo ili vitoshe. Kwa pindo mimi huchagua kuvinyoosha, kwa kuwa nafasi tupu katikati ya pindo huonekana kama uzi uliofumuka, ila nachagua urefu wa fremu kwanza ili kunyoosha kusizidi kiasi kisichoonekana.

Kuhusu programu za kupanga kurasa nitasema kwa ufupi. Adobe InDesign haikujengewa paneli ya ruwaza kama ile ya Illustrator, na kila msanifu mpya huitafuta katika menyu zote kabla ya kuuliza. Njia iliyo salama ni kujaza nakshi katika programu ya kuchora, kuhifadhi faili, na kuiweka ndani ya fremu kwa kiungo, badala ya kunakili na kubandika. Kiungo kina faida mbili: nakshi ikibadilishwa kwenye faili ya asili kurasa zote husasishwa, na fremu inakuwa ndilo dirisha, kwa hiyo unaamua mwenyewe kama nakshi itatulia au itasogea pamoja nayo. Scribus, kwa upande wake, hukubali kitu chochote kilicho kwenye ukurasa kipelekwe katika orodha ya ruwaza za waraka na kutumiwa kama rangi. Kwa shule na misikiti inayopanga majarida yake bila bajeti ya programu, hilo linatosha kabisa.

Mistari myembamba myeupe inayoonekana kati ya vigae kwenye skrini imewatia hofu wengi. Mara nyingi haimo ndani ya faili. Ni skrini inayolainisha kingo za vigae viwili vinavyokutana katikati ya pikseli. Ili kupambanua, kuza mwonekano kutoka asilimia 100 hadi 800. Mstari ukibaki na wembamba uleule, au ukahama, au ukapotea, ni wa skrini. Ukinenepa kadiri unavyokuza, ni pengo la kweli, na kigae kirekebishwe. Hata hivyo mteja hutazama PDF kwenye simu na si kwenye karatasi, kwa hiyo ni busara kutoiweka rangi ya nyuma ndani ya kigae. Weka mstatili mzima wa rangi hiyo chini, na kigae kibebe majani peke yake.

Kwenye mashine ya chapa kuna hatari mbili zaidi. Ya kwanza ni unene wa mstari. Mstari wa pointi 0.5 unaonekana imara unapochora kigae, lakini ukipunguza ruwaza hadi asilimia 40 unabaki pointi 0.2, na mstari mwembamba kiasi hicho hukatikakatika kwenye karatasi ya kawaida. Ya pili ni mgongano wa nakshi na nukta za uchapaji. Rangi iliyofifishwa, tuseme nyeusi ya asilimia 40, haichapwi kwa wino wa kijivu, bali kwa nukta ndogo nyeusi zilizopangwa kwa safu, na kwa kipimo cha kawaida cha safu 150 kwa inchi, umbali kati ya nukta na nukta ni kama milimita 0.17. Nakshi ya mistari iliyobanana sana ikichapwa kwa rangi iliyofifishwa, mpangilio mmoja huingiliana na mwingine na kuzaa mawimbi ya vivuli ambayo hayakuwemo kwenye faili. Nakshi laini itumie wino mmoja kwa asilimia 100. Ukitaka ionekane hafifu, punguza unene na wingi wa mistari yake, au chagua wino wenye rangi hafifu tangu mwanzo. Pia usiichanganye kutoka wino nne, maana pleti, yaani mabamba ya kila wino, zikipishana hata kidogo, kila mstari utapata kivuli chake.

Maandishi juu ya nakshi ni ugomvi wangu wa kila siku na wateja. Kadi ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ina majina ya wazazi, mahali, saa na namba za simu, na yote hayo huwekwa juu ya maua, kisha nyanya aliyealikwa hushindwa kuisoma saa. Weka kibao cha rangi moja chini ya maandishi, hata kama nakshi itapoteza theluthi ya ukurasa.

Kabla ya kupeleka faili kiwandani, muulize fundi kama mfumo wake hutafsiri ruwaza hai bila matatizo. Akisita, tengeneza nakala ya faili na uigeuze ruwaza kuwa maumbo ya kawaida kwa amri ya kupanua, ukijua kwamba faili itakua na kwamba nakshi haitaweza tena kusogezwa ndani ya umbo. Faili ya asili ibaki kwako, kigae kikiwa katika faili yake pekee yenye vipimo ndani ya jina, kwa mfano ukili-18.5x17.5, maana mteja akirudi mwakani akitaka jalada hilohilo kwa ukubwa wa A4, utahitaji kuigawa upya 210 na 297.